Padri Piazzi na Nyota Iliyopotea

Mara nyingi watu hutuuliza: je, elimu ya nyota na upadri vyaweza kukaa nyumba moja? Tusishindane kwa maneno, tutazame historia. Asteroidi ya kwanza, katika zile sayari ndogo zinazozunguka jua, ilionekana na padri.

Padri huyo ni Giuseppe Piazzi, Mteatini, aliyezaliwa mwaka 1746 katika Italia ya kaskazini. Mjini Palermo, katika kisiwa cha Sisilia, aliongoza nyumba ya kutazamia nyota, yenye chombo kizuri kilichotengenezwa London na fundi Ramsden. Kazi yake ilikuwa kuandika orodha ya nyota, na kila nyota aliipima usiku mbalimbali, asije akakosea.

Usiku wa tarehe 1 ya mwezi wa kwanza 1801 alipima nyota ndogo katika kundi la Taurus. Kesho yake akaipima tena: imehama. Usiku wa tatu, imehama tena. Nyota za kweli hazihami hivi. Wakati ule wataalamu wengine wa Ulaya walikuwa wamekwisha kupatana kutafuta sayari katika nafasi kubwa kati ya Mars na Jupiter, lakini barua yao ilikuwa haijamfikia Piazzi. Aliwaandikia watu ya kwamba ameona nyota yenye mkia. Rafiki yake Oriani wa Milano tu ndiye aliyefunuliwa wazo lake, ya kuwa labda ni kitu bora kuliko hicho. Hiyo ndiyo busara: kutotangaza zaidi ya yale uliyoyapima.

Kiisha akashikwa na ugonjwa. Tarehe 11 ya mwezi wa pili aliipima mara ya mwisho, halafu ikafichwa na mwangaza wa jua. Ikapotea. Ndipo Gauss, kijana Mdachi mwenye miaka 24, alipotumia vipimo vile vichache na njia mpya ya hesabu, akaonyesha mahali pa kuitafuta. Tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili von Zach aliiona, na kesho yake Olbers pia. Kama vipimo vya padri vingekuwa vya ovyo, hesabu ya Gauss ingefaa nini?

Piazzi aliiita Ceres Ferdinandea, kwa heshima ya mfalme Ferdinando. Baadaye likabaki Ceres tu. Mtu atashangaa: padri kutoa jina la mungu wa kike wa wapagani! Lakini sayari zilikuwa na majina ya namna hiyo tangu zamani, na Ceres, mwenye ngano, alihesabiwa kuwa mlinzi wa Sisilia. Hata Januari tunayoiandika katika kitabu cha ubatizo yatoka kwa Yano, mungu wa Waroma, wala hatumwabudu.

Tangu 2006 Ceres yahesabiwa kuwa sayari kibete, na asteroidi zinazojulikana zimepita milioni moja. Mgunduzi hupendekeza jina, na halmashauri ya Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota hulikubali au hulikataa. Asteroidi ya 1000 inaitwa Piazzia. Ya 1565, iliyoonekana na Sylvain Arend huko Uccle, Ubelgiji, mwaka 1948, ina jina la Lemaître, padri wa Louvain. Na ya 1817 inaitwa Katanga! Iliyeiona ni Cyril Jackson, mjini Johannesburg, mwaka 1939.

Basi, jina ni la nchi yetu, lakini jicho lilikuwa la mwingine. Tusilalamike, tufikiri. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alimletea Adamu wanyama, naye akawatazama kwanza, kiisha akawapa majina. Anayetaja ni yule aliyetazama. Enyi waseminari, msidharau hesabu na fizika kana kwamba ni masomo ya walei tu. Piazzi hakupunguza upadri wake kwa kupima vizuri kazi ya Mwumba.