Kitovu Kwenye Kisanduku

Mwaka 1961 daktari kijana, Harada Masazumi, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya wavuvi vya Minamata, kusini-magharibi mwa Japani. Kwenye baraza ya nyumba moja aliwakuta wavulana wawili wakicheza, mtu na mdogo wake. Wote wawili viungo vyao vilikuwa vimekakamaa, wanatembea kwa taabu, na maneno yao hayaeleweki. Harada akaona ni ugonjwa mmoja. Mama yao akamsahihisha: huyu mkubwa ana ugonjwa wa Minamata, huyu mdogo ana mtindio wa ubongo. Ndivyo madaktari walivyosema, kwa kuwa ugonjwa wa Minamata huwapata waliokula samaki wa ghuba, na mdogo alizaliwa hivyo hivyo, hajawahi kuonja samaki. Mama mwenyewe hakuwa akiyaamini maelezo hayo. Samaki alikula yeye, mimba ikiwa tumboni.

Kauli hiyo ilipingana na elimu ya udaktari ya wakati ule. Wanafunzi walifundishwa kuwa kondo la nyuma ni ukuta: huruhusu chakula na hewa kumfikia mtoto, huzuia sumu. Harada naye alifundishwa hivyo.

Sumu yenyewe ilitoka kwenye kiwanda kilichoulisha mji. Kampuni ya Chisso ilifika Minamata mwaka 1908, ikajijengea jina kwa mbolea, na mwaka 1932 ikaanza kutengeneza asetaldehaidi, kemikali ambayo baadaye ilihitajika sana katika utengenezaji wa plastiki. Zebaki ilitumika kuharakisha mmenyuko, na sehemu yake ikageuka humo humo mitamboni kuwa zebaki ya methili. Maji machafu yakamwagwa kwenye bandari ya Hyakken. Mhandisi aliyebuni njia hiyo ya uzalishaji, Hashimoto Hikoshichi, baadaye alichaguliwa kuwa meya wa mji. Nalitaja hilo kwa sababu linaeleza mengi kuhusu ukimya uliofuata.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia uzalishaji ulipanda kasi. Katika miaka ya 1950 wavuvi waliona samaki wakielea juu ya maji, kunguru wakianguka kutoka angani, na paka wakizunguka kama wenye wazimu hadi kutumbukia baharini. Watu waliuita ugonjwa wa paka wanaocheza ngoma. Aprili 1956 mtoto wa kike asiyetimiza miaka 6 alifikishwa katika hospitali ya kiwanda akiwa hawezi kutembea wala kusema vizuri, na degedege zikimshika. Haukupita muda mdogo wake naye akaugua. Tarehe 1 Mei mkuu wa hospitali hiyo, Hosokawa Hajime, aliripoti kwa ofisi ya afya kuwa kumezuka ugonjwa usiojulikana wa ubongo na mishipa ya fahamu.

Kwanza ulidhaniwa wa kuambukiza. Nyumba zilipuliziwa dawa, wagonjwa wakatengwa, majirani wakaacha kuwatembelea. Kabla mwaka haujaisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikwisha kuwashuku samaki na kome, lakini kukitaja kilichomo ndani yao kulichukua karibu miaka mitatu. Walishuku manganizi, seleni na thaliamu. Julai 1959 wakatangaza: ni zebaki. Karibu na mdomo wa mfereji wa kiwanda, tani moja ya tope ilikuwa na takriban kilo 2 za zebaki.

Wakati huo huo Hosokawa alikuwa akifanya jaribio lake kimya kimya. Alichanganya maji machafu ya mtambo wa asetaldehaidi na chakula cha paka, na paka aliyepewa namba 400 akaanza kutetemeka na kuzunguka Oktoba 1959. Uongozi wa kampuni ukamkataza kuendelea, na matokeo yakafichwa. Hosokawa aliyatoa mahakamani mwaka 1970 akiwa kitandani hospitalini, miezi michache kabla ya kufa. Wengine humtukuza, wengine humlaumu kwa miaka yote ile ya kunyamaza. Naona pande zote mbili zina haki.

Desemba 1959 Chisso ilizindua mtambo wa kusafisha maji, kwa sherehe, nao haukuwa na uwezo wa kuondoa zebaki ya methili. Mwezi huo huo ikasaini mkataba na wagonjwa: ingewapa pesa za pole, na wao wasingedai zaidi hata ikija kuthibitika kuwa kiwanda ndicho kilichosababisha ugonjwa. Magazeti yakaacha kuandika. Kwa wengi kesi ilikuwa imekwisha.

Watoto ndio walioifufua. Vijiji hivyo vilikuwa na watoto wengi mno wenye mtindio wa ubongo, waliozaliwa miaka ile ile na katika nyumba zile zile zenye wagonjwa. Harada aliwapima mmoja mmoja akagundua kuwa dalili zao zinafanana kupita kiasi. Baadhi walipofariki, uchunguzi wa maiti ulionyesha ubongo ulioharibiwa na zebaki. Novemba 1962 watoto 16 walitambuliwa rasmi kuwa na ugonjwa wa Minamata walioupata tumboni. Mwaka mmoja tu kabla yake, Ulaya ilikuwa imeshtuka kwa watoto waliozaliwa bila mikono au miguu kamili kwa sababu ya dawa ya thalidomaidi. Dhana ya ukuta ilikuwa ikibomoka pande mbili za dunia.

Ushahidi wa ziada ulikuwa majumbani. Wajapani wana desturi ya kukikausha kipande cha kitovu kilichodondoka na kukihifadhi katika kisanduku kidogo cha mbao. (Kwetu kitovu huzikwa, ardhi isingetoa ushahidi wa namna hiyo.) Harada aliwaomba kina mama visanduku vyao. Zebaki ya methili ilipopimwa, ilionekana ikipanda na kushuka pamoja na uzalishaji wa asetaldehaidi wa miaka ambayo watoto wale walizaliwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1975.

Sasa njia yenyewe inajulikana. Zebaki ya methili hujishikiza kwenye sisteini, kimojawapo cha viini vya protini, na kwa umbo hilo hufanana na kiini kingine, methionini, ambacho mtoto anakihitaji ili akue. Kondo la nyuma huifungulia mlango zebaki hiyo na kuivuta ndani, kama bawabu aliyeonyeshwa kitambulisho cha mtu mwingine. Kiasi kwenye damu ya mtoto huzidi kile cha mama, na ubongo unaojengwa ndio unaoumia zaidi. Ndiyo sababu mama aliweza kuwa na ganzi kidogo tu vidoleni akajifungua mtoto asiyeweza kuinua shingo.

Chisso iliacha njia ile ya kutengeneza asetaldehaidi kwa zebaki Mei 1968, na Septemba serikali ikakiri chanzo cha ugonjwa. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliihukumu kampuni na kuubatilisha mkataba wa pesa za pole. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi wamezidi 2,200; waliolipwa bila kutambuliwa hivyo ni maelfu mengi zaidi.

Februari 2009 serikali zilikubaliana jijini Nairobi kuanza mazungumzo ya mkataba wa dunia kuhusu zebaki. Ulipitishwa Japani mwaka 2013 kwa jina la Minamata, ukaanza kutumika 2017. Mkataba huo unayahusu moja kwa moja maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kama Kanda ya Ziwa na Chunya nchini Tanzania, na Migori nchini Kenya. Kwenye mialo wanakochenjulia, mawe yaliyosagwa na karasha hutiwa zebaki ili inase dhahabu, kisha mchanganyiko huchomwa. Mvuke wake nao huvuka kondo la nyuma. Unaotua majini hugeuzwa na bakteria kuwa zebaki ya methili, ukawaingia samaki. Nchi yenye uchimbaji mdogo wa aina hii kwa kiwango kisicho kidogo inatakiwa iandae mpango wa kitaifa, na kiambatisho cha mkataba kinataja kwa jina watu ambao mpango huo lazima uwakinge: watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, hasa wajawazito.