Filme za mazungumzo: kipande kimoja kinashika, kingine kinachosha

Kuko filme ambamo hakuna mutu anapigana wala anakimbia. Watu wawili wanakaa ku meza, wanaongea, kahawa inapoa, kipande kinaisha. Kisha wengine wawili wanaanza yao, bila kujuana na wale wa kwanza. Anayejulikana sana kwa kazi hiyo ni Mmarekani Jim Jarmusch, na filme yake « Coffee and Cigarettes » ya mwaka 2003.

Iko na vipande 11, vyote vya rangi nyeusi na nyeupe. Haikutengenezwa mara moja. Kipande cha kwanza, cha Muitalia Roberto Benigni na Steven Wright, ni cha 1986. Cha tatu, cha wanamuziki Iggy Pop na Tom Waits, kilipata Palme d'Or ya filme fupi kule Cannes mwaka 1993. Vingine vilikuja nyuma. Njo maana uzito wake haulingane.

Vile vinavyoshika ni vile ambamo mutu anataka kitu kwa mwenzake lakini hasemi wazi. Alfred Molina anamuita Steve Coogan ku chai ili amuambie kama wao ni ndugu wa ukoo. Coogan anajiona mukubwa, anakatala ata kutoa namba ya simu. Kisha simu ya Molina inalia, kumbe ni mutengenezaji mukubwa wa filme, na Coogan anaanza kujuta. Kila jamaa huku kwetu linamujua Coogan wake.

Katika kingine Cate Blanchett anacheza watu wawili: mwigizaji tajiri, na binamu yake asiye na kitu. Tajiri akiisha kwenda, mutumishi wa hoteli anakuja kumuambia yule mwengine kama hapo hawavute sigara. Mbele alikuwa wapi?

Isaach de Bankolé, muzaliwa wa Abidjan, yeye anakuja kumuona rafiki aliyemuita. Anauliza na kurudilia: shida ni gani? Rafiki anajibu hakuna shida. Isaach anaenda bila kuamini. Na ni kweli ni nguvu kuamini: nani anakuita hivi hivi tu?

Lakini kuko pia kipande cha mwanamuke anayeangalia gazeti la bunduki, mutumishi anamuharibia kahawa kwa kuiongeza kila mara. Hapo hakuna kingine cha kungojea. Mchezo umoja hautoshe kubeba dakika zote.

Filme yake ya mbele, « Night on Earth » ya 1991, inasimama muzuri zaidi, sababu ndani ya teksi mutu hawezi kuondoka mbele ya kufika. Ni teksi tano, usiku umoja: Los Angeles, New York, Paris, Roma na Helsinki. Ya Paris inafaa kwa wanaosikia Kifaransa. De Bankolé ni shofere mutoka Côte d'Ivoire. Abiria wawili Wakameruni wanamucheka, wanageuza « Ivoirien » kuwa « il voit rien », ni kusema haone kitu. Anawashusha njiani. Anayefwata ni mwanamuke kipofu, na yeye anaelewa mambo kupita shofere mwenye macho.

Filme za namna hii hazikule feza mingi. Abbas Kiarostami wa Iran, katika « Ten » ya 2002, aliweka kamera ndogo za dijitali ndani ya gari Tehran, akapata mazungumzo kumi. Mwanzoni tunaona mutoto peke anayegombana na mama yake; mama tunamusikia tu, na bado hatuwezi kuacha kuangalia.

Kwa vijana wa Goma, Bukavu ao Bunia wanaotaka kujaribu: meza na viti viwili vinapatikana. Kinacholeta shida ni maandiko na sauti. Picha ikiwa na giza kidogo, watu watavumilia. Lakini groupe ikinguruma nyuma ya ukuta na maneno hayasikike, hakuna filme tena.