Mwendokasi Tunduma? Kabla ya kushangilia, angalia rangi ya X

Kutoka Mpemba hadi mpakani Tunduma ni safari fupi tu. Lakini siku malori yanayoelekea Zambia na Congo yakijipanga barabarani, abiria wa kosta anaweza kushuka akamalizia kwa bodaboda. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kuharakisha mizigo, ila barabara ya TANZAM bado ni ileile inayokata katikati ya mji. Haishangazi watu wakitamani mwendokasi kama wa Dar.

Kwa sasa huo bado ni wazo tu. Kilichopo ni mpango wa kupanua TANZAM kuwa njia nne kutoka Igawa hadi Tunduma, kilomita 218. Kipande kilichotangulia kujengwa ni Uyole hadi Uwanja wa Ndege wa Songwe, kilomita 29, ambao licha ya jina lake uko Mkoa wa Mbeya.

Mwendokasi ni nini hasa?

Watu wengi hufikiria lile basi refu. Basi ni sehemu ndogo tu. Kinacholeta kasi ni njia yake peke yake, isiyoingiliwa na lori wala bajaji, tiketi inayokatwa kabla ya kupanda, na kituo kilichoinuliwa kikalingana na mlango wa basi. Njia hiyo inakula ardhi, na hapo ndipo wananchi wanapoingia.

Dar ilichukua muda. Wakala wa DART ulianzishwa 2007, abiria wakaanza kupanda Mei 2016 katika njia ya takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani. Daladala za Barabara ya Morogoro zilipisha. Wamiliki wake, kupitia vyama vyao, waliingizwa kwenye kampuni ya UDART pamoja na UDA. Jiji likashinda tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018.

Baadaye sifa zilipungua. Mabasi yalijaa kupita kiasi, mafuriko ya Jangwani yakawa yanasimamisha safari, na njia ya Mbagala ikakaa muda mrefu lami ipo, mabasi hayapo, hadi 2025. Kwa hiyo anayeunga mkono mradi aulize pia nani ataleta mabasi, na lini.

Rangi ya X

Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba iliyokuwepo kihalali ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa huwekewa X ya kijani: mwenye nayo analipwa eneo likihitajika. X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, na huyo kwa kawaida halipwi chochote. Pale Tunduma, maduka yalivyobanana kando ya TANZAM, tofauti ya hatua chache inaweza kuwa tofauti ya mtaji wote.

Kwa anayestahili, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe haraka. Hati, risiti za ujenzi na picha za nyumba zinasaidia mthamini akifika, kwa hiyo zitunzwe mapema.

Wenye kosta na bajaji nao wana la kujifunza Dar: aliyekuwa kwenye chama alikuwa na pa kuongelea. Dereva wa bajaji anayejitegemea hana.

Walio pabaya zaidi ni wamachinga wanaopanga bidhaa pembeni ya lami, maana meza haiwekewi X ya rangi yoyote. Wao pa kusemea ni mkutano wa mtaa na ofisi ya mtendaji, michoro ikiwa bado haijapitishwa.