Bunduki ya Kuazima

Stima zilirudi Mkomani saa moja jioni, baada ya kutwa nzima ya giza, tukamalizia siku kwa sinema ya zamani kwenye laptopu: The Ghost and the Darkness, ya 1996, ile ya simba wa Tsavo. (Tsavo yenyewe ilipigwa Afrika Kusini, lakini tuachane na hayo.) Hawe, mama yake mama, alikuwa nyuma yetu akichambua mchicha, hana habari na sinema. Mpaka mzungu akamlenga simba, akafyatua, bunduki ikalia "tak" ya bure. Hawe akainua kichwa.

"Kwani hakuijaribu?"

Tulicheka. Lakini swali lilinikaa, nikaenda kumsoma mwenye kisa mwenyewe.

John Henry Patterson aliingia Mombasa kwa meli tarehe 1 Machi 1898, akatumwa kujenga daraja la reli juu ya mto Tsavo, kilomita 200 na ushei kutoka hapa. Simba wawili wakaanza kuwala wafanyakazi usiku. Wangapi? Kitabu chake cha 1907 kinataja Wahindi 28 na Waafrika ambao hakuna aliyewahesabu. Baadaye idadi ikapanda hadi 135. Wanasayansi waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walisema mwaka 2009 kwamba ni kama 35. Ona hapo: Wahindi walikuwa na orodha, watu wetu hawakuwa nayo.

Kile kisa cha "tak" ni cha kweli. Asubuhi ya tarehe 9 Desemba 1898 simba alikuwa ameua punda. Patterson akaacha bunduki aliyoizoea, akachukua nzito zaidi aliyoachiwa na mwenzake. Vijana wakapiga ngoma na madebe, simba akatoka kichakani taratibu, karibu kabisa. Akafyatua. Haikulia. Alishtuka hata akasahau kwamba bunduki ile ilikuwa na mtutu wa pili. Kilichomwokoa ni zile kelele za madebe, manake simba aligeukia kando badala ya kumrukia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Simba huyo alikufa usiku uleule, lakini Patterson mwenyewe alikiri kwamba aliilaani sana silaha ile ya kuazima.

Kisa cha simba wa pili ndicho kilichonifundisha zaidi. Patterson alimpiga usiku kwa bunduki ya marisau, tena kwa vipande vizito vya risasi, akaona damu, akaamini amemaliza kazi. Simba akaenda zake. Alipouawa siku kama kumi baadaye, tarehe 29 Desemba, na kuchunwa, kipande kile kilikutwa mgongoni, kimeingia kidogo tu nyamani. Yaani risasi ilifika na haikufanya chochote.

Risasi moja kamili ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti ndani, na kichwa cha risasi juu. Badilisha kimoja na kila kitu kinabadilika. Ndiyo maana hadi leo kuna wawindaji duniani wanaojaza maganda yao wenyewe nyumbani: anapima baruti kwa mizani ndogo, anapachika kichwa, anapiga kadhaa kwenye shabaha, anaangalia zimetawanyika vipi, anaongeza au anapunguza chembe, anapiga tena. Bunduki mpya inaweza kumla wiki nzima kabla hajaingia nayo porini.

Wazungu wa wakati ule wengi hawakuwa na subira hiyo. Walinunua sanduku Uingereza, wakaamini kilichoandikwa juu yake. Shida ni kwamba baruti mpya isiyo na moshi haikulipenda joto. Risasi iliyopimwa kwenye baridi ya kwao, ikishinda juani Tsavo, inasukuma kwa nguvu zaidi. Ganda linavimba na kung'ang'ania ndani ya mtutu. Ndivyo ilivyomkuta W.D.M. Bell, kijana wa Uskoti aliyekuja kulinda reli hiyohiyo dhidi ya simba, na bunduki ya kupiga risasi moja moja. Anapiga, ganda halitoki. Sasa jiweke mahali pake. Baadaye viwanda vilianza kutengeneza risasi za nchi za joto, zenye kipimo kilichopunguzwa.

Lakini Bell alijifunza. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno, katikati kabisa, ili ajue ubongo umekaa wapi. Kisha akachagua risasi nyembamba ya milimita 7, nzito gramu 11 tu, ncha ngumu isiyopanuka, wakati wenzake walibeba mizinga ya kurusha gramu 48. Ngumu inapenya mfupa; laini inafunguka kama ua na kuishia njiani. Kwa hesabu hiyo aliua tembo zaidi ya 1,000, baadhi yao huko Karamoja. Sina hamu ya kumpigia makofi. Nasema tu alijaribu kwanza.

Na huku pwani kujaza kwa mkono kulikuwa kazi ya kila siku. Gobore halina ganda: unamimina baruti mdomoni, unaweka kizuizi, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki. Ndiyo maana Kiswahili husema kushindilia bunduki. Baruti ikizidi, mtutu unapasuka usoni pako; ikipungua, umemchokoza tembo bure.

Nilipomsimulia Hawe haya yote, hakushangaa hata kidogo. Akaniuliza kama najua utsungu. Nilijua jina tu: sumu ya mishale. Wagiriama waliipika kwa saa nyingi kutoka kwenye vijiti vya mti wa mutsungu mpaka ikawa nyeusi na nzito kama lami, wakawauzia Waata, wawindaji wa tembo ambao wengine waliwaita Waliangulu. Upinde wa Mwaata ulivutwa kwa nguvu ya zaidi ya pauni 100. Lakini upinde ni wa kufikisha tu. Anayeua ni sumu, inayousimamisha moyo.

Hawe akaeleza namna ya kuipima kama anayeeleza mapishi. Unajichanja kidogo mkononi, unaacha damu itiririke chini. Unaigusisha sumu pale mwisho wa mchirizi, mbali na kidonda. Kama ni kali, damu inageuka nyeusi na weusi unapanda. Unautazama unavyopanda, kisha unaufuta upesi kabla haujafika juu. Ikipanda polepole, humlipi mtu. Na mshale uliopakwa unafungwa ngozi laini, ili sumu isikauke.

Patterson alirudi mwaka 1907 kuwa mkuu wa wanyamapori wa serikali ya kikoloni. Miaka ya 1950 serikali hiyo ilifanya msako mkubwa Tsavo, chini ya David Sheldrick na Bill Woodley, na Waata wengi wakafungwa jela kama majangili. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote, wa bunduki na wa mshale.

"Na kwenu je?" nikamuuliza Hawe. Wakati wa msako alikuwa na miaka kumi hivi, kwao Ganze. Akasema baba yake aliposikia watu wanashikwa, alikibeba chungu usiku, akakifukia nyuma ya minazi. Siku mbili kuku hawakufunguliwa.