Panya Aliyerithishwa Damu ya Binadamu

Ugonjwa wa selimundu uliwaua watoto wa mwambao wetu na wa kandokando ya Ziwa Nyanza kwa vizazi vingi kabla ya kupata jina vitabuni. Mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyelelewa Kenya, alidhihirisha kuwa aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja huhifadhika na makali ya malaria. Bali aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu hupinda mfano wa mundu kila zipungukiwapo na oksijeni, zikaziba mishipa na kumtia maumivu makali mno.

Ili kuzijaribu dawa, wataalamu walimhitaji mnyama mwenye maradhi hayo hayo, na hapo panya akawa mkaidi. Wale wa kwanza waliopachikwa jeni ya binadamu hawakuugua sawasawa, kwa sababu himoglobini ya asili yao ilijichanganya na ile ngeni, ikaizuia isishikamane nyuzi nyuzi. Naona ajabu kubwa katika jambo hili: ilibidi mnyama avuliwe kwanza urithi wa damu yake mwenyewe ndipo aweze kubeba msiba wetu.

Kazi hiyo ilitimia Oktoba 1997, pale makundi mawili, moja la Berkeley katika California na la pili la Birmingham katika Alabama, yalipotangaza katika jarida la Science panya waliofutiwa jeni zao za himoglobini na kupewa za binadamu mahali pake. Ziliongezwa hata zile za himoglobini ya mtoto aliye tumboni, kusudi vijusi visiangamie kabla ya kuzaliwa. Chini ya hadubini zilionekana chembe zilizopinda. Mwilini mlikuwa na upungufu wa damu, wengu uliovimba, ini na figo zilizodhurika.

Mwaka 2011 panya wa namna hiyo walizimiwa jeni iitwayo BCL11A, himoglobini ile ya mtoto aliye tumboni ikarejea, na dalili zao zikatoweka. Kwa kuifuata njia hiyo ya kuizima jeni ile ilitengenezwa tiba ambayo Marekani iliiidhinisha Desemba 2023, nayo bei yake ikatangazwa kuwa dola 2,200,000 kwa mgonjwa mmoja, na hali watoto wengi wenye maradhi haya wanazaliwa Afrika.