Moshi wa Los Angeles na Karatasi za Gari

Tarehe 26 Julai 1943, vita vikiwa vimepamba moto, ukungu mzito unaowasha macho ulitanda juu ya Los Angeles. Wapo waliodhani Wajapani wameshambulia kwa gesi. Lawama ikaangukia kiwanda kimoja cha Mtaa wa Aliso kilichotengeneza kemikali ya mpira bandia. Kiwanda kikasimamishwa, ukungu ukabaki palepale.

Karibu miaka 10 ilipita kabla kitendawili hakijateguliwa. Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa akichunguza ladha ya mananasi katika chuo cha Caltech. Alipoigeukia hewa ya nje, alionyesha kuwa mvuke wa petroli isiyoungua, ukikutana na oksidi za nitrojeni chini ya jua kali, huzaa ozoni: gesi iliyokuwa ikipasua hata mipira ya magari. Wenye mafuta walimpinga vikali. Lakini mtuhumiwa alikuwa ameshajulikana, naye alikuwa ameegeshwa mbele ya kila nyumba.

Ugumu ulianzia hapo. Kiwanda kina lango na mwenyewe. Magari mamilioni yana wenyewe mamilioni. Mwaka 1966 California iliweka kikomo cha moshi wa ekzosi kwa magari mapya, na baadaye Haagen-Smit akawa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya jimbo ya kusimamia hewa. Kuanzia magari ya 1975 yakaja masega, kile chombo cha kusafishia moshi ndani ya ekzosi. Yote hayo yalilibana gari likiwa jipya. Gari huzeeka, plagi huchoka, fundi hufungua kisichopaswa kufunguliwa.

Jibu lilipatikana kwenye dawati la karani. Tangu 1984, magari mengi ya California hupelekwa kupimwa moshi kila baada ya miaka 2, na gari lisipofaulu, usajili hauhuishwi. Bila usajili hakuna stika mpya kwenye namba ya gari, na askari huliona hilo akiwa mbali. Kwangu mimi, uamuzi huu una uzito sawa na ugunduzi wa maabara, kwa sababu ulimtoa mkaguzi kwenye kazi isiyowezekana ya kukimbiza moshi barabarani.

Udanganyifu haukuisha. Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kwamba programu ndani ya magari yake ya dizeli, yapatayo milioni 11 duniani, ilitambua gari linapopimwa na kulifanya lionekane safi. Ilinaswa baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia kufunga vipimo kwenye gari na kuliendesha barabarani, huko huko California.

Kwetu Afrika Mashariki, magari mengi ya mtumba hutoka Japani, ambako gari la kawaida la familia hukaguliwa kila baada ya miaka 2, moshi ukiwemo. Kenya hukataa gari lililozidi miaka 8. Lakini likishavuka bandari, masega yake huweza kung'olewa na kuuzwa kwa ajili ya madini yaliyomo, platinamu na paladiamu, na anayesimama kituoni na mtoto mgongoni ndiye anayeuvuta moshi huo. Bima tunaikata kila mwaka, na askari huidai. Rwanda imeshaunganisha kipimo cha moshi na ukaguzi wa gari. Dar es Salaam na Nairobi nazo zinastahili kipimo hicho, na cheti chake kidaiwe dirishani kabla bima haijakatwa.