Masasi, Newala na Ulimi wa Mgeni

Uwanda wa juu wa Makonde umekaa kati ya mto Ruvuma na mto Lukuledi. Newala iko ukingoni mwake. Masasi iko chini, upande wa magharibi. Wamakonde, Wamakua na Wayao wameishi huko jirani kwa jirani, kila watu na matamshi yao. Kwa hiyo hata kabla Wazungu hawajafika na wino, jina la kijiji kimoja liliweza kusikika kwa namna mbili au tatu, na mgeni aliyeuliza njia alijibiwa kwa ulimi wa yule aliyemkuta.

Mgeni aliyelishughulikia jambo hili kwa makini ni Edward Steere, askofu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Hakuanzia Masasi. Alianzia Unguja, kwa kuwasikiliza watu wa bara waliokombolewa utumwani, akachapisha kijitabu cha Kiyao mwaka 1871 na cha Kimakonde mwaka 1876. Mwishoni mwa 1876 aliondoka Lindi na kundi la waliokombolewa, akaanzisha makazi Masasi. Kanuni yake ya kuandika ilikuwa nyepesi: irabu zisomwe kama za Kiitaliano, konsonanti kama za Kiingereza. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilipitisha kanuni kama hiyo mwaka 1885. Chauncy Maples, mwenzake Steere, alitoa kijitabu cha Kimakua mwaka 1879, na baada ya Wangoni kuishambulia Masasi mwaka 1882 akahamia Newala, kwa chifu Matola. Watu hawa walisikiliza kwanza, kisha wakaandika, na hiyo ndiyo sifa yao kubwa.

Wajerumani walikuja na mazoea mengine. Kwa Kijerumani, s iliyo kati ya irabu mbili, au mwanzoni mwa neno kabla ya irabu, husomwa z, hivyo Masasi ingekuwa Mazazi. Wakaongeza herufi: Massassi, kama walivyoandika Kilossa na Ssongea. Newala iliachwa ilivyo, lakini w yao ndiyo v yetu. Wareno, walioiteka Newala Oktoba 1916 na kuondolewa mwezi uliofuata, waliandika Nevala waziwazi. Kionga, karibu na mlango wa Ruvuma, kwao ilikuwa Quionga. Wasilaumiwe mno kwa v hiyo. Pale Kiswahili kinaposema Wamakonde, Kimakonde husema Vamakonde, na v yenyewe ni nyepesi, midomo haibanwi sana. Karl Weule wa Leipzig, aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906, alibeba fonografu na kurekodi nyimbo kwenye silinda za nta, ushahidi wa matamshi ambao herufi haziwezi kuufikia.

Ugumu mkubwa uko mwanzoni mwa jina. Ndanda, Mbonde, Mtandi, Mkunya: ulimi usiozoea hutafuta irabu ya kuegemea, ukasema Indanda au Umbonde. Katika Mtandi, m ni silabi kamili. Katika Mbonde imeshikamana na b, zinatoka pamoja. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo, sikio ndilo linaloifundisha. Msomaji wa Kiingereza naye huimeza e ya mwisho ya Mnyambe, na Newala huianza kwa "nyu". Mkazo, ambao wengi huupeleka pasipo pake, hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: ma-SA-si, ne-WA-la, lu-ku-LE-di.

Ugeni huu si wa Wazungu peke yao. Kimakonde na Kiyao havina r ya asili, ilhali Kimakua kinayo, na maofisa waliotoka mikoa mingine waliandika kadiri walivyosikia. Mpaka leo mji mmoja wa Wilaya ya Newala huandikwa Kitangari na Kitangali, na pale Kiswahili kinapotumia ki-, Wamakonde na Wayao husema chi-.

Mto Ruvuma wenyewe haujapata tahajia moja. David Livingstone, aliyeupanda kwa boti miaka ya 1861 na 1862, aliuandika Rovuma. Wareno vilevile. Wajerumani waliandika Rowuma. Leo Tanzania huandika Ruvuma, na ng'ambo ya pili Msumbiji huandika Rovuma.